Kabla ya kununua kamera, sikilizeni kwanza: nasaha kwa watengenezaji filamu chipukizi

Katika likizo ya Desemba nilikuwa Masimba, eneo la Masaba Kusini katika kaunti ya Kisii. Vijana watatu, wawili wao wakiwa wametoka tu kufanya mtihani wa kidato cha nne, walinijia wakaniomba niitazame filamu waliyokuwa wameipiga kwa simu ya mkononi. Tuliingia dukani kwa shangazi ya mmoja wao, tukaketi juu ya magunia, wakaiegemeza simu kwenye mizani, nasi tukatazama kwa muda wa dakika kumi na mbili.

Kisa chao kilikuwa kizito. Mwana anarudi kutoka Nairobi baada ya kifo cha mama yake na kukuta ami zake wamekwisha kuligawana shamba la majani chai alilokuwa akililima marehemu. Yeyote aijuaye Ugusii, ambako ardhi ni finyu na kesi za mipaka hurithiwa pamoja na mashamba yenyewe, atatambua kwamba vijana hawa hawakukiokota kisa hicho njiani. Na picha zao, nakiri, zilinishangaza kwa uzuri: ukungu wa asubuhi juu ya majani chai, mlango wa jikoni uliofungwa kwa kamba, viatu vya marehemu vikiwa bado uani.

Lakini wahusika walipofungua vinywa, mambo yaliharibika. Mwana alimkabili ami yake kwa Kiingereza cha majambazi wa sinema za Marekani. Ami mwenyewe, mzee wa kofia na mkongojo, alimjibu kwa Kiingereza hicho hicho, ilhali ni dhahiri kwamba katika maisha yake hajapata kugombana na mtu wa ukoo wake kwa lugha hiyo. Kisha likaja onyesho la kilele, mkutano wa ukoo ndani ya nyumba ya ami. Mvua ilinyesha juu ya mabati siku hiyo ya kupiga picha, na katika dakika tatu zilizopaswa kututoa machozi hatukusikia hata neno moja.

Filamu ilipokwisha, mkubwa wao aliniuliza, "Mwalimu, tununue kamera gani?"

Nilimwambia wasinunue kamera yoyote kwanza. Aliniangalia kama mtu aliyeomba chakula akapewa mawaidha. Makala haya ni maelezo ya jibu hilo, nami nayaelekeza hasa kwa walimu na wanafunzi, kwa sababu swali la kijana yule litaulizwa katika shule nyingi za nchi hii.

Ikumbukwe kwamba mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia shule za upili za juu, na katika mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo kumewekwa somo la uigizaji na filamu. Hili ni jambo jema. Hata hivyo, nimewasikia walimu wakisema kwamba somo hilo ni la shule tajiri, kwamba shule ya kijijini isiyo na kamera, taa wala kompyuta za uhariri haina budi kuliacha. Rai hiyo ikikubalika, basi watoto wa wenye uwezo ndio watakaotusimulia sisi sote jinsi tulivyo, nao watoto wa Masimba watabaki kuwa watu wa kupigwa picha na wengine. Ndiyo sababu nasema kwamba mjadala wa vifaa si mdogo, na kwamba tunaukosea tunapouanzia kwenye bei.

Hebu tutazame majirani zetu. Katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alianza kutengeneza filamu za mapigano bila chuo, bila mfadhili na bila studio. Kompyuta zake aliziunga mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika. Vifaa vya kushikilia kamera na silaha za kuigizia vilichomelewa kwa vyuma chakavu vya mtaani. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, inasemekana iligharimu chini ya dola 200, nayo imetazamwa duniani kote. Siwapi vijana mfano huu ili waige milio ya bunduki za bandia. Nawapa ili waone kwamba Nabwana alikijua kile alichokuwa nacho, akatunga hadithi zinazokitosha.

Filamu hiyo hiyo inatupa funzo la pili, lenye uchungu. Nakala yake ya asili haipo tena. Nabwana alilazimika kuifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi iliyofuata, na kilichosalia ni toleo lenye sauti ya msimulizi juu yake. Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza ya ufundi ni ya kizee: wekeni akiba. Kila kilichopigwa mchana kinakiliwe usiku huo huo mahali pawili tofauti, na nakala moja isilale nyumba moja na nyingine. Kadi ya kumbukumbu ya bei nafuu ni bora kuliko majuto.

Sasa nirudi kwenye kiini cha hoja yangu, nacho ni lugha.

Msanii wa Senegali, Ousmane Sembène, alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, La Noire de..., mwaka 1966, na wahusika wake walizungumza Kifaransa. Miaka miwili baadaye alitoa Mandabi, na humo wahusika wakazungumza Kiwolof. Mtu huyu alikuwa mwandishi wa riwaya za Kifaransa kabla ya kushika kamera, hakukosa Kifaransa. Aligeukia filamu kwa sababu watu aliowakusudia hawakuweza kumsoma, na alipokwisha kugeuka aliona hakuna maana ya kuwaletea picha zenye sauti wasiyoielewa. Hapa kwetu, Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, inaanza na kijana wa kijijini, Mwas, anayeuza filamu za kigeni kwa kuwaigizia wanunuzi mashujaa wake. Lakini filamu yenyewe haizungumzi kama filamu anazoziuza. Inazungumza Kiswahili, Sheng na Kikuyu, kila lugha mahali pake, na hiyo ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ilifuata njia hiyo hiyo kusimulia habari za mtoto mgonjwa na kijiji kinachoungana kumtengenezea filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Berlin.

Watu husema kwamba Kiingereza huleta watazamaji. Mimi nasema waende wakasikilize vibanda vya video. DJ Afro alijipatia jina nchini kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, na watu walizitafuta nakala zenye sauti yake wakaziacha zile za asili. Huko River Road jijini Nairobi, wachekeshaji kama Machang'i na Kihenjo walipata soko kwa michezo ya Kikuyu tupu. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Abagusii takriban milioni 2.7. Hilo si soko la kudharauliwa, na vituo vya redio vinavyotangaza kwa Ekegusii vimekwisha kuthibitisha kwamba watu hao wanapenda kusikia lugha yao.

Lakini hoja ya soko si kubwa kama hoja ya ukweli wa mhusika. Katika isimu jamii mimi huwafundisha wanafunzi wangu kwamba mtu mmoja hana lugha moja. Mwanamke wa Masimba humsalimu mama mkwe kwa Ekegusii, hupatana bei na mchuuzi mgeni kwa Kiswahili, hujaza fomu ya benki kwa Kiingereza, na mwanawe humjibu kwa Sheng akiwa amegeuza uso. Kila anapobadilisha lugha, anabadilisha cheo chake, umbali wake na nia yake. Mwandishi wa filamu aliyeyasikia haya amekwisha kupata nusu ya uigizaji bila gharama. Katika filamu ya vijana wangu, laiti mwana angeanza mkutano kwa Ekegusii cha heshima, kisha ghafla akaingiza Kiingereza cha mawakili wa Nairobi, ukoo mzima ungeelewa kwamba ametangaza vita, na asingehitaji kupiga meza.

Nitoe mfano mmoja zaidi, kwa maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Katika Ekegusii mtoto humwita baba yake tata, na mama yake humwita baba. Sasa fikiria kijana analia kaburini, "Baba! Baba!" Mtazamaji wa Masimba anajua kwamba ni mama aliyezikwa. Mtazamaji wa Mombasa anaapa kwamba ni mzee aliyezikwa, na kuanzia hapo hadithi nzima inampotea. Zaidi ya hayo, wanaume wa rika la baba nao huitwa tata. Kwa hiyo mwana anayedai shamba analazimika kumwita baba yake mtu yule yule anayemtuhumu wizi. Mnaona uchungu uliomo ndani ya neno hilo moja? Vijana wangu walipoliandika kwa Kiingereza kama "uncle", waliutupa mgogoro wao mkubwa kuliko wote bila kujua kwamba walikuwa nao.

Ndiyo maana maandishi ya tafsiri yanayowekwa chini ya picha yasifanywe na mtu yeyote aliye karibu usiku wa mwisho. Ni kazi ya uandishi. Desturi ya wafasiri wa filamu ni mistari miwili kwa wakati mmoja, kila mstari usizidi herufi arubaini hivi, na maneno yakae kiasi cha kusomeka bila haraka. Mfasiri hatafsiri kila neno, hutafsiri tendo. Mhusika akisema tata kwa kejeli, maandishi yabebe kejeli hiyo. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta zoezi la tafsiri lenye uhai asitafute mbali: awape wanafunzi dakika mbili za mazungumzo ya Ekegusii na awaambie wayafikishe Lamu.

Sambamba na uteuzi wa lugha, kuna namna ya kusema. Shule zetu zina mapokeo marefu ya tamasha za drama, na walimu wengi wataingia katika somo la filamu wakiwa na ujuzi wa jukwaa. Ujuzi huo ni hazina, lakini una mtego. Jukwaani mwigizaji hupaza sauti ili asikike na aliyeketi safu ya nyuma, na mikono yake husema kwa wingi ili ionekane. Kamera husogea hadi kwenye kope za macho. Mwigizaji wa filamu anayehutubia huonekana kama mtu anayempigia kelele jirani yake kitandani. Aidha, watu wa kweli hawajibu kila swali wanaloulizwa. Hukatizana, hunyamaza, hujibu swali jingine, huomba chai. Mwandishi akae sokoni siku ya soko, daftari mkononi, aandike jinsi watu wanavyokataa bila kutamka neno hapana. Asiwarekodi watu bila idhini yao. Sikio na penseli vyatosha.

Nije sasa kwenye sauti yenyewe, kwa sababu mtazamaji husamehe picha yenye giza, ila asiposikia huondoka. Masimba na vilima vya Ugusii vina desturi yao ya hali ya hewa: mara nyingi asubuhi huwa shwari na mvua huja alasiri. Basi maonyesho ya ndani ya nyumba ya mabati yapigwe asubuhi, na alasiri zitengewe yale yasiyo na maneno. Kabla ya kuchagua nyumba, simameni ndani yake kwa dakika tano mkiwa kimya. Mtasikia kinu cha posho, bodaboda, kuku, redio ya jirani. Kama hamwezi kuvinyamazisha, tafuteni nyumba nyingine, hata kama hiyo ya kwanza ina ukuta mzuri zaidi.

Simu moja ikipiga picha kutoka mbali, haisikii vizuri. Azimeni simu ya pili, iwekeni katika mfuko wa shati la mwigizaji au nyuma ya sufuria iliyo mbele yake, inase sauti peke yake. Kila mnapoanza, mtu mmoja apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa uhariri mtaoanisha mlio wa kofi na picha ya mikono inayokutana, na sauti itakaa mahali pake. Tundikeni blanketi ukutani kuzuia mwangwi. Na kabla ya kuondoka mahali popote, naseni nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo. Mhariri atauhitaji ukimya huo kuziba nyufa kati ya kipande na kipande.

Juu ya mwanga nitasema machache. Sisi tu karibu na ikweta. Saa sita mchana jua huwa utosini na huwatia watu vivuli vyeusi machoni, nalo jioni huzama upesi, pasi na machweo marefu kama ya Ulaya. Saa mbili za kwanza za asubuhi na saa moja na nusu kabla ya magharibi ndizo zenu. Katikati ya mchana ingieni chini ya migomba, au mketisheni mwigizaji karibu na dirisha na mlango mwingine mkiufunga.

Siwezi kuacha kutaja sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, kabla hatujajitawala. Iliweka sharti kwamba asiyekuwa na leseni asitengeneze filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa, na kwamba anayeiomba aambatanishe maelezo kamili ya maonyesho pamoja na maneno yote yatakayosemwa. Wakoloni waliijua nguvu ya maneno. Tuliona kivuli cha fikra hiyo tarehe 10 Aprili 2025 mjini Nakuru, wasichana wa Butere walipofika kuigiza mchezo wa Echoes of War, huku Mahakama Kuu ikiwa imeamuru waruhusiwe. Polisi walirusha gesi ya kutoa machozi, na wasichana hao wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Naafiki kwamba watoto walindwe dhidi ya filamu zisizowafaa, na kwamba kuainisha filamu kwa umri ni jambo la busara. Lakini sheria inayomtazama mwanafunzi mwenye simu kwa jicho lile lile inalomtazamia tajiri wa studio haiendani na serikali inayomfundisha mwanafunzi huyo filamu darasani. Wizara zinazohusika zingefanya vyema kuzisamehe kazi za wanafunzi kabisa. Mpaka hapo, anayekusudia kuonyesha hadharani au kuuza filamu yake aulizie leseni mapema, asije akaona jasho lake likizuiliwa mlangoni.

Kwa walimu nina pendekezo moja ambalo halihitaji bajeti. Katika muhula wa kwanza msiwape wanafunzi kamera. Wapeni chumba kimoja, watu wawili na kitu kimoja ambacho wote wawili wanakitaka. Wiki ya kwanza wasikilize na kuandika. Wiki ya pili wasome mazungumzo yao kwa sauti mbele ya mzee mmoja wa kijiji, na kila mara mzee akisema, "Sisi hatusemi hivyo," wafute. Wiki ya tatu wanase sauti tupu, bila picha, na waisikilize darasani wakiwa wamefumba macho. Darasa likielewa nani anamwogopa nani, ndipo simu itolewe mfukoni.

Vijana wangu wa Masimba walilifanya zoezi hilo, ingawa kwa manung'uniko. Mzee waliyemsomea mazungumzo yao ni yule yule aliyekuwa ameigiza ami. Aliwasikiliza hadi mwisho, akawaambia kwamba katika mkutano kama huo mtu mwenye haki hasemi kwanza. Husubiri aulizwe, na anayesema sana ndiye anayeshukiwa. Waliukata usemi wa mwana kutoka kurasa mbili hadi mistari minne. Asubuhi iliyofuata, kabla ya mvua, walirudia onyesho lile ndani ya nyumba ile ile, kwa simu ile ile. Nililitazama tena tukiwa juu ya magunia yale yale. Mwana alinyamaza muda mrefu, kisha akamwambia ami yake, "Tata," akakoma hapo. Shangazi mwenye duka, aliyekuwa akipima sukari, aliweka kijiko chini.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawakusema kwamba lazima awe na ngoma ya bei ghali.